Waranti ya Nyongeza au Kutengeneza Mwenyewe: Namna ya Kuamua Unaponunua Vifaa vya Umeme Dodoma

Muuzaji akishafunga boksi la runinga na kutoa risiti, mara nyingi hubakiza swali moja: je, ungependa kuongeza miaka miwili ya waranti kwa fedha kidogo tu? Swali hilo huja wakati mnunuzi ameshalipa, bajaji inamsubiri nje, na ameanza kuhofia kuharibika kwa kitu ambacho hata hajakiwasha nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa ili jibu litokane na hesabu. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa vifaa vingi vya nyumbani hapa Dodoma, fedha hiyo hufanya kazi nzuri zaidi ikitumika kununua kinga ya umeme na kuanzisha akiba ya matengenezo, kwa sababu mambo yanayoua vifaa vyetu ndiyo yale yale ambayo waranti nyingi hukataa kuyalipia. Vipo vighairi, nami nitavieleza mahali pake.

Hatua ya kwanza: Jua ulichonacho tayari

Runinga, majokofu na kompyuta mpakato zinazouzwa na mawakala rasmi kwa kawaida huja na waranti ya mtengenezaji ya miezi 12, na zipo chapa za simu zinazotoa miezi 13. Ndani ya kadi hiyo hiyo, hata hivyo, betri na chaja mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Kwa jokofu, tafuta mstari unaohusu kompresa peke yake, maana baadhi ya watengenezaji huipa hadi miaka 10, ingawa kinacholipiwa huwa ni kompresa yenyewe, huku gharama ya gesi na ufundi ikibaki kwako.

Nyuma ya kadi kuna sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili na inayofaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa hiyo sabufa inayokufa wiki ya pili haihitaji waranti ya nyongeza. Inahitaji risiti na mnunuzi anayerudi dukani bila kuchelewa.

Risiti hiyo iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na hapa kuna jambo dogo ambalo huwagharimu wengi: karatasi yake ni ya kuchapwa kwa joto, na maandishi hufifia yakikaa kwenye droo au ndani ya gari. Ipige picha siku ile ile, pamoja na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe, na namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma ya kifaa. Kwa simu, bonyeza *#06# ukiwa bado dukani, ulinganishe namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili uone kama aina ya simu inayorudi kwenye jibu ni ile uliyoishika. Tangu simu bandia zilipozimwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mwezi Juni 2016, hakuna sababu ya mtu kuondoka dukani bila kufanya jambo hili la dakika moja. Ikiwa kifaa kimeletwa na ndugu kutoka Dubai au Guangzhou, uliza mapema kama waranti yake inatambuliwa Tanzania, kwa sababu nyingi zimefungwa na nchi au ukanda kilikouzwa.

Hatua ya pili: Soma kwanza yasiyolipiwa

Wanunuzi wengi husoma ukurasa wa kwanza wa mkataba, wenye ahadi. Anza na ule wa mwisho. Humo, kwa maandishi madogo, utakuta orodha inayofanana kwa karibu katika mikataba mingi: madhara ya umeme kupanda na kushuka, radi, kuingia kwa maji au unyevu, wadudu, vumbi, kuanguka, kupasuka kwa kioo, uchakavu wa kawaida, matumizi ya biashara, na kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyetambuliwa.

Sasa iweke orodha hiyo kando ya maisha ya Dodoma. Umeme unakatika na kurudi ghafla, na pale unaporudi ndipo pawa saplai za runinga na bodi za majokofu zinapopata kishindo. Mvua zetu huanza mwezi Desemba na kuisha Aprili, na huja na radi. Kati ya Julai na Oktoba upepo mkavu husukuma vumbi hadi ndani ya kabati, sembuse ndani ya feni ya kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa UDOM anayelala na dirisha wazi. Mende na sisimizi hupenda joto la bodi, na mjusi huingia kwenye kasha la nje la kiyoyozi akaunganisha nyaya mbili kwa mwili wake. Ukiyaondoa hayo yote, linabaki fungu moja: kasoro ya kiwandani inayojitokeza baada ya mwaka wa kwanza. Fungu hilo ndilo unaloombwa kulilipia.

Yapo maswali ambayo muuzaji anapaswa kuyajibu kwa maandishi kabla hujatoa fedha. La kwanza ni tarehe ya kuanza: waranti ya nyongeza ya miaka miwili inayohesabiwa tangu siku ya ununuzi ni ya mwaka mmoja tu, kwa kuwa mwaka wa kwanza unabebwa na mtengenezaji. La pili ni nani hasa anayelipa, duka, mtengenezaji au kampuni ya bima. Duka likifungwa, ahadi yake huenda nalo, na kama ni bima, kampuni hiyo iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. La tatu ni kama mkataba umeweka ukomo wa malipo, na kama kifaa kikishindikana utapewa kipya au utalipwa thamani iliyopunguzwa kwa umri wake.

Swali la nne, ambalo kwa mkazi wa katikati ya nchi lina uzito kuliko yote, ni kituo cha matengenezo kilipo. Kikiwa Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kwa barabara, uliza nani analipia kusafirisha runinga ya inchi 55 kwenda na kurudi, nani anawajibika kioo kikipasuka njiani, na kazi itachukua muda gani. Jokofu ambalo waranti yake inakutaka ulipakie kwenye lori hadi Dar es Salaam, kwa maoni yangu, halina waranti.

Neno kuhusu stika inayosema kwamba ukiifungua waranti inakufa. Katika video za mtandaoni utasikia kwamba stika hizo hazina nguvu. Hilo linasemwa kwa misingi ya Marekani, ambako sheria ya waranti ya mwaka 1975 inazuia mtengenezaji kumfunga mnunuzi kwa mafundi au vipuri vyake, na mwaka 2018 mamlaka za biashara za nchi hiyo zilizionya kampuni kadhaa kuhusu maandishi ya namna hiyo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni za haki ya kutengeneza. Sheria hizo hazikufuati hadi Nkuhungu, hapa Dodoma. Hapa, maadamu miezi ya waranti haijaisha, usibandue stika wala usilegeze skrubu.

Hatua ya tatu: Piga hesabu

Vifaa vya elektroniki huharibika zaidi katika vipindi viwili: miezi ya mwanzo, kasoro za kiwandani zinapojionyesha, na miaka ya uchakavu baadaye. Waranti ya mtengenezaji hubeba kipindi cha kwanza. Ya nyongeza mara nyingi huangukia katikati, wakati ambapo kifaa kimetulia, na muuzaji analijua hilo. Bei yake inabeba pia faida ya kampuni na, mara nyingi, kamisheni ya aliyekuuzia.

Tuseme runinga ni shilingi 850,000 na waranti ya miaka miwili zaidi ni shilingi 100,000. Tuseme tena kwamba ugonjwa unaotarajiwa zaidi ni kuungua kwa taa za nyuma ya kioo, ambazo mafundi huziita bakilaiti, na kwamba kuzibadilisha ni shilingi 120,000. Gawanya 100,000 kwa 120,000, utapata takriban 83 kwa 100. Maana yake ni kwamba, ili waranti irudishe fedha yako kwa ugonjwa huo peke yake, ingebidi runinga 83 kati ya kila 100 za aina hiyo ziungue taa ndani ya miaka hiyo miwili. Kwa ugonjwa mkubwa kabisa, ambapo runinga nzima inatupwa, gawanya 100,000 kwa 850,000: karibu 12 kwa 100. Jiulize kama katika ukoo wako, kwa majirani na ofisini, runinga moja katika kila nane hufa kabisa kwa kasoro ya kiwandani kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila radi na bila mtoto kuirushia mpira. Weka bei ulizoambiwa wewe, si hizi za mfano, na uulize bei ya vipuri kwa mafundi wawili kabla ya kununua, maana fundi asiye na cha kukuuzia siku hiyo huwa mkweli.

Hesabu hubadilika zaidi unapotazama nyumba nzima. Familia yenye runinga, jokofu, simu tatu na kompyuta mpakato ikikataa waranti za nyongeza zote na kuweka kiasi kile kile kwenye kibubu au akaunti ya simu isiyoguswa, itapata mfuko unaolipia ugonjwa wowote wa kifaa chochote, hata ule wa radi. Ugumu ni mmoja: kutouchokonoa mwezi wa Januari, ada za shule zinapoanza.

Hatua ya nne: Pima unachoweza kukifungua

Kutengeneza mwenyewe hakumaanishi kila kitu. Ninavigawa vifaa kwa hatari yake, kwa sababu umeme haujali kama umetazama video tano.

Kuna kazi ambazo mtu yeyote makini anaweza kuzifanya baada ya waranti kuisha, na nyingine hata kabla. Simu inayochaji kwa kusuasua mara nyingi ina vumbi lililoshindiliwa kwenye tundu la chaji. Izime, itoe vumbi taratibu kwa njiti nyembamba ya mti, kamwe si kwa sindano, kisha ujaribu waya mwingine kabla ya kumkabidhi fundi abadilishe sistimu chaji, yaani sehemu yenye tundu la chaji. Kifaa kilichozima ghafla chenye plagi ya pini tatu kinaweza kuwa kimekata fyuzi tu. Weka mpya yenye ampea zile zile, na usiweke ya 13 mahali pa 3 wala waya wa shaba badala ya fyuzi. Kompyuta mpakato inayopiga kelele na kujizima wakati wa joto huhitaji feni kusafishwa, na iliyo nzito kuwaka hupata uhai mpya ikibadilishiwa diski ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, kazi ya bisibisi ndogo na subira, ukishahamisha mafaili yako.

Mita ya umeme ya bei nafuu hulipa gharama yake haraka. Chaja ya kompyuta mpakato imeandikwa volti zake kwenye lebo, nyingi ni kati ya 19 na 20. Ipime, na kama haitoi kitu, umeokoa safari ya kupeleka kompyuta nzima kwa fundi. Runinga yenye sauti na kioo cheusi nayo ina kipimo chake kisicho na gharama: zima taa za chumba, mulika tochi kwa mshazari karibu na kioo, na ukiona picha hafifu ikitembea, basi kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma au sehemu inayozilisha umeme. Hata kama hutaifungua wewe, utafika kwa fundi ukijua cha kumwambia, na mazungumzo ya bei huwa tofauti.

Kufungua runinga hiyo ni jambo lingine. Kapasita kubwa ya pawa saplai hubaki na takriban volti 320 baada ya plagi kuchomolewa, na kioo cha flati skrini huvunjika kwa kuinuliwa vibaya. Mpe fundi. Kioo cha simu na betri iliyofungwa kwa gundi nazo ni kazi za fundi, isipokuwa kama una vifaa na simu ya kujifunzia.

Na vipo vya kutogusa kabisa. Maikrowevu ina kapasita yenye volti zaidi ya 2,000 inayoweza kuua hata ikiwa imechomolewa. Runinga ya zamani ya chogo huhifadhi makumi ya maelfu ya volti. Majokofu mengi mapya yana gesi ya R600a, ambayo hushika moto, na mwali wa kulehemu karibu nayo ni hatari kwa nyumba nzima. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe, usiibane, wala usiendelee kuichaji.

Hatua ya tano: Ukimwendea fundi

Mafundi wazuri wa katikati ya mji hawajifichi; waulize watu wa maofisi na maduka ya karibu wanampelekea nani kompyuta zao. Kabla ya kuacha simu, hamisha picha na mafaili, toa laini na memori kadi, na uandike IMEI. Taka bei ya kuangalia ijulikane kabla hajafungua, na bei ya kazi kabla hajaanza. Spea nyingi huagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi, kwa hiyo kusubiri siku moja au mbili ni kawaida, lakini kuacha malipo yote mapema si lazima: lipa ya spea, bakiza ya ufundi. Omba urudishiwe kipuri kibovu. Fundi anayekataa kukirudisha anaweza kuwa hakubadilisha kitu. Mwisho, aandike ameigusa sehemu gani na anaitolea uhakika wa muda gani. Hata mwezi mmoja ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari ni bora kuliko maneno.

Kifaa kilichopita nusu ya umri wake na kinachodai matengenezo yanayozidi nusu ya bei ya kipya, kiache. Mimi hulegeza kanuni hii kwa majokofu ya zamani yenye mwili imara, na huikaza kwa simu zilizoingia maji, kwa sababu kutu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya simu, hurudi.

Hatua ya sita: Hamishia fedha kwenye kinga

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Kinga ya jokofu, ile ndogo inayochomekwa ukutani, hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na huchelewesha kuurudisha kwa dakika chache ili kompresa isiwashwe ikiwa bado na shinikizo. Runinga na sabufa zipate yao. Kinga hizo hazizuii radi iliyopiga karibu: wingu likianza kunguruma, chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa antena au dishi, njia ambayo watu wengi huisahau.

Jambo ambalo wachache hulizingatia ni waya wa ardhi. Udongo wetu hukauka sana miezi ya kiangazi, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo fimbo fupi iliyopigwa juujuu wakati wa ujenzi inaweza isifanye kazi wakati unapoihitaji. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aipime. Kinga nyingi za kupunguza kishindo cha umeme hazina maana bila ardhi nzuri.

Lini waranti ya nyongeza inafaa

Inafaa pale kituo kilipo hapa Dodoma au fundi wao anapofika nyumbani, mkataba unapotaja kwa maandishi kwamba unalipia kioo kilichopasuka au madhara ya umeme, na kifaa chenyewe kikiwa ghali na kigumu kufunguliwa, kama simu ya kukunja au kompyuta mpakato nyembamba ambayo kila kitu kimeunganishwa kwenye bodi. Inafaa pia kwa mtu ambaye kipato chake kinategemea kifaa hicho na hawezi kukusanya bei ya kingine kwa mkupuo, mradi mkataba haukatai matumizi ya biashara. Kwa pasi, birika, blenda na feni, sioni hoja yoyote ya kuinunua.

Ukiwa umeshainunua, isajili kwa njia iliyoelekezwa kwenye kadi, kwa sababu nyingine hazianzi kuhesabika bila usajili, na uangalie kama kuna siku za kuighairi na kurudishiwa fedha. Kisha weka alama kwenye kalenda mwezi mmoja kabla haijaisha. Mwezi huo jaribu kila tundu la waya, kila kitufe na spika, tazama kioo kikiwa cheupe na kikiwa cheusi, pima betri inakaa saa ngapi, na kasoro yoyote utakayoiona uipeleke kwa maandishi yenye tarehe, huku ukibaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea.